Fonti za lugha zetu ndogo ziwe na leseni huria

Kwa Mhariri,

Kila mara tukizungumzia lugha za mama hapa Kenya tunaongea kuhusu walimu, vitabu, na wazazi wa mjini ambao hawaongei na watoto wao lugha ya nyumbani, na hayo yote ni kweli, sibishani na mtu. Lakini kuna kitu kiko chini kabisa ya hivyo vitabu na sijaona mtu akikitaja, nacho ni fonti, yaani ile faili ya michoro ya herufi ambayo kompyuta inatumia kuonyesha na kuchapa maandishi. Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa, niko huku chini ya mji karibu na River Road kwenye maduka ya kuchapa, na naandika kuomba jambo moja tu: pesa ya umma, ya kanisa au ya mfadhili ikitumika kutengeneza kitabu cha lugha yenye watu wachache, fonti ya hicho kitabu iwe ya leseni huria, ile inayoruhusu mtu yeyote kuitumia, kuifungua, kuirekebisha na kumpatia mwenzake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Nianze na kazi ambayo kila duka huku linaifanya kila wiki, programu za mazishi. Familia inakuja na picha ya marehemu, historia ya maisha yake wameitumana kwa watsapu, na nyimbo za kanisa kwa Kigikuyu au Kikamba au Kimeru. Wanataka jina liandikwe kubwa kwa ukurasa wa mbele na fonti ya kupendeza, ile ya kujikunja inayotumika kwa kadi za harusi. Dizaina ana mamia ya fonti kwa mashine yake, zote zimedaunlodiwa huku na kule, na karibu zote ziko na A hadi Z na namba basi. Akiandika ĩ au ũ, yaani ile i na ile u yenye kimstari cha mawimbi juu, programu haiipati hiyo herufi ndani ya fonti, kwa hivyo inachukua kutoka fonti ingine yoyote ama inaweka kiboksi. Sasa jina la mzee linatokea herufi zingine zote zimejikunja vizuri na moja imesimama wima nene peke yake hapo katikati. Familia inaangalia, mazishi ni kesho kutwa, basi la kwenda nyumbani limeshalipiwa, wanasema weka tu u ya kawaida. Na hivyo ndivyo jina la mtu linachapwa bila alama zake kwenye karatasi ambayo wajukuu watakuja kuipata kwa sanduku la nyanya yao miaka mingi baadaye na kuamini ndivyo babu yao alivyoandika jina lake. Hilo huniuma sana, na si familia ya kulaumiwa wala si dizaina.

Wale wa umri wangu watakumbuka pia ile desturi ya kuandika Gîkûyû na kofia juu badala ya kimstari. Haikutoka kwa wazee wala kwa walimu, ilitoka kwa kompyuta. Zamani mashine nyingi zilitumia jedwali la herufi linaloitwa ISO 8859-1, wengine huliita Latin-1, lenye nafasi 256 peke yake, na lilipangwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Ndani utapata ã na õ kwa sababu Wareno wanazihitaji, utapata ñ ya Wahispania, utapata î na û za Wafaransa, lakini ĩ na ũ hazimo. Basi watu wetu wakachukua kile kilichokuwa karibu, wakaweka kofia, na mpaka leo ukitafuta wimbo au jina kwa intaneti unalipata limeandikwa kwa njia tatu, kwa kofia, kwa kimstari, na bila chochote, na mashine inaona hayo ni maneno matatu tofauti kabisa kwa hivyo ukitafuta moja hupati mengine.

Kulikuwa na ujanja mwingine mbaya zaidi. Mtu anachukua fonti, anafuta alama ambayo haitumiki sana, anachora ũ mahali pake, halafu anachapa kitabu kizima cha nyimbo hivyo. Kwa mashine yake inakaa sawa kabisa. Peleka hiyo faili kwa mashine ingine isiyo na fonti hiyo na unapata mabano na nukta na alama za pesa katikati ya maneno ya Mungu. Kuna ofisi za makanisa ziko na kazi za miaka mingi zimefungika kwa faili za namna hiyo, na aliyetengeneza fonti alishastaafu au alishafariki.

Sasa Unicode ilikuja mwaka wa 1991 na ikaanza kupatia kila herufi duniani namba yake, na ĩ na ũ ziko na namba zao humo, hiyo sehemu imeisha. Lakini namba haina umbo. Umbo linachorwa ndani ya fonti na mtu lazima alichore. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo ningependa wasomaji wako walijue: ukiona fonti nzuri ya kisasa imebeba ĩ na ũ, mara nyingi haikufanya hivyo kwa sababu ya Wakikuyu au Wakamba. Ilifanya kwa sababu ya Vietnam. Kivietinamu kinaandikwa na herufi hizo hizo, na Vietnam ina watu kama milioni 100 wanaonunua simu na kompyuta. Dizaina yeyote anayesoma hii barua na anatafuta fonti ya kadi ya Kigikuyu, achague ile iliyoandikwa kwamba inabeba Kivietinamu na shida yake itaisha hapo hapo. Mimi nashukuru kwa hiyo bahati, lakini fikiria maana yake. Wakikuyu walihesabiwa zaidi ya milioni 8 kwenye sensa ya 2019, wao ndio wengi kuliko kabila lolote Kenya, na hata hao wanaandika majina yao kwa kudandia soko la watu wengine. Je, yule ambaye hana wa kumdandia?

Huyo yuko hapa hapa Nairobi. Kazi nyingi za Sudan Kusini zinachapwa mji huu, vitabu vya nyimbo, vya kusoma, kadi, kalenda, kwa sababu ndugu zetu wengi wanaishi hapa na mashine ziko hapa. Kidinka kina ɛ̈ na ɔ̈, yaani herufi ambazo zenyewe si za kawaida halafu zinawekwa nukta mbili juu. Kinuer nacho kina vokali za kupigwa mstari chini. Hizo hazina namba moja zikiwa zimeshaunganishwa, na Unicode walishaamua hawataongeza za namna hiyo, unaandika herufi halafu unaandika alama na ni kazi ya fonti kuziweka pamoja mahali panapofaa. Ndani ya fonti inatakiwa kuwe na vituo vya kushikilia alama, kila herufi ionyeshwe alama yake inakaa wapi. Fonti ambayo haina hivyo vituo inatupa nukta pembeni, zingine zinaingia juu ya herufi inayofuata, zingine zinalala ndani ya herufi yenyewe. Niliona mzee mmoja akisahihisha prufu ya kitabu cha lugha yake na kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, anazungushia nukta zilizohama, na hakukuwa na kosa hata moja la mwandishi hapo, yote yalikuwa makosa ya fonti. Jirani zetu wa Uganda nao wanaandika Luganda na ŋ, na fonti nyingi zina ŋ ndogo nzuri lakini ile kubwa, Ŋ, imechorwa vile Wasami wa kaskazini ya Ulaya wanaipenda, N kubwa yenye mkia, wakati sehemu nyingi za Afrika wanataka ile ndogo iliyokuzwa tu.

Mtu atasema basi mwambieni mwenye fonti aongeze. Mwenye fonti ni mfanyabiashara. Anaongeza herufi akiona watu watakaonunua, na kwa lugha ya watu laki mbili au elfu kumi hatawaona, wala siwezi kumkasirikia kwa hilo. Shida inaanza pale ambapo yeye hataongeza na leseni yake inakataza mtu mwingine kuongeza. Leseni nyingi za fonti za kulipia zinasema wazi kwamba huruhusiwi kuifungua na kuibadilisha, unalipia kuitumia kwa kompyuta kadhaa, ukitaka kwa wavuti unalipa tena, ukitaka kuiweka ndani ya app unalipa tena. Zingine hata zimewekewa alama ndani ya faili ya kuzuia isipachikwe kwenye PDF, na yeyote aliyefanya kazi huku anajua hiyo ni hasara gani, kwa sababu hapa kazi inatoka kwa dizaina, inaenda kwa mtu wa kutengeneza pleti za kuchapia mtaa mwingine, halafu inaenda kwa mashine. Fonti isiyosafiri na faili ni kazi iliyoharibika. Ni kuuziwa shati halafu unaambiwa kifungo kikikatika usishone.

Zile zinazoitwa za bure nazo zina mtego wao. Nyingi zimeandikwa kwa kifaili kidogo ndani ya zipu kwamba ni bure kwa matumizi yako binafsi peke yake. Kitabu cha shule si matumizi binafsi, hata programu ya mazishi iliyolipiwa kwa duka si matumizi binafsi ukiangalia vizuri. Hakuna anayesoma hicho kifaili.

Na sasa nifike kwa lile jibu ambalo huwa napewa kila nikiongea hii maneno, kwamba wewe unasumbuka na leseni ya nini na huku mtaani kila mtu anakopi tu. Ni kweli watu wanakopi. Lakini angalieni kinachotokea. Fundi mzuri anachukua fonti ya wizi, anaifungua, anaongeza ĩ na ũ au anatengeneza vile vituo vya alama za Kidinka, kazi safi kabisa ya usiku mwingi. Hiyo kazi inaenda wapi? Hawezi kuiweka kwa wavuti yoyote ya heshima kwa sababu itatolewa. Hawezi kuiweka ndani ya app ya kusoma ya watoto kwa Play Store. Mchapishaji mkubwa hawezi kuigusa kwa sababu mawakili wake watakataa, na akiomba tenda ya serikali nayo hataitaja. Inabaki kwa mashine moja na flashi mbili tatu, na siku hiyo mashine ikiibiwa au diski ikifa, herufi za lugha nzima zimepotea na mtu mwingine kwa duka la pili anaanza upya kutoka sifuri. Wizi unakupatia fonti, haukupatii haki ya kugawa marekebisho yako, na lugha ndogo inahitaji hayo marekebisho yaenee kuliko kitu kingine chochote. Lugha kubwa inaweza kuishi na fonti iliyofungwa kwa sababu mwenyewe ataitengeneza. Lugha ndogo haina mwenyewe huko kiwandani, watu wake wenyewe ndio mafundi wake, kwa hivyo ruhusa ya kurekebisha na kugawa kwake ni lazima.

Leseni ya kufanya hivyo ipo na ina miaka. Inaitwa SIL Open Font License, tunaiita OFL. Iliandikwa na Nicolas Spalinger na Victor Gaultney wa SIL, shirika la mambo ya lugha, toleo la kwanza lilitoka 2005 na toleo tunalotumia sasa, 1.1, ni la Februari 2007. Ni fupi, mtu anaisoma akinywa chai. Inasema unaweza kuitumia fonti kwa kazi yoyote ya pesa au ya bure, kuisoma ndani, kuibadilisha, kuigawa, kuipachika kwa hati na kuiweka ndani ya programu unayouza. Unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Ukiibadilisha na ukaigawa lazima toleo lako nalo liwe chini ya leseni ile ile, na kama mwenyewe alihifadhi jina basi wewe utafute jina lingine ili watu wasichanganye yake na yako. Na kitabu ulichokiandika kwa hiyo fonti hakifungwi na leseni hiyo hata kidogo, kitabu ni chako, hapo waandishi wengi huogopa bure.

Matunda yake tunayala kila siku bila kujua. Gentium, fonti ambayo Gaultney aliianza ili lugha za herufi za Kilatini duniani kote zipate maandishi ya kupendeza, iliwekwa chini ya OFL mwaka huo huo wa 2005. Ziko Charis na Doulos zinazobeba alama za toni na za wanaisimu. Iko Andika, ambayo ilichorwa kwa makusudi kwa watu wanaojifunza kusoma, herufi zake zisichanganywe moja na nyingine, na a na g zake ziko vile mtoto anaziandika kwa daftari. Mwalimu wa gredi ya kwanza akiiona anaelewa mara moja faida yake. Google nao wana Noto, ambayo walianza na leseni nyingine huria, ya Apache, halafu 2015 wakahamia OFL, na sasa inabeba zaidi ya mifumo 150 ya maandishi na lugha zaidi ya 1,000. Simu nyingi za Android zinakuja na Noto ndani, hizi hizi za bei ya chini tunazonunua Luthuli Avenue, ndiyo maana leo hata simu ndogo inaonyesha maandishi mengi ya dunia.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Guinea. Mwaka 1989 ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, wakiwa bado watoto mjini Nzérékoré, walikaa chini wakabuni maandishi ya kuandikia Kifulani kwa sababu herufi za Kiarabu na za Kilatini hazikuwa zinatosha sauti za lugha yao. Yakaitwa ADLaM. Yakaenea kwa mkono, watu wakifundishana sokoni na nyumbani na kunakili vitabu. Baadaye walipofika Marekani walilipa kampuni iwatengenezee fonti na kibodi, lakini kwa kuwa maandishi yao hayakuwa kwenye Unicode ilibidi yapandishwe juu ya namba za Kiarabu, kwa hivyo ukimtumia mtu asiye na hiyo fonti alikuwa anaona herufi za Kiarabu zisizo na maana yoyote. Ni ule ule ujanja wetu wa vitabu vya nyimbo. ADLaM iliingia Unicode Juni 2016, Google wakatoa Noto Sans Adlam chini ya OFL, na Windows ikaanza kuyaonyesha 2019. Kuanzia hapo yeyote anaweza kuchukua Noto Sans Adlam na kuanzia hapo, kunenepesha, kuchora ya vichwa vya habari, kuiweka kwa app ya watoto. Na Kifulani kina wasemaji makumi ya mamilioni. Walingoja miaka 27 kutoka daftari hadi Unicode.

Kuna pingamizi ambazo naziheshimu. Moja ni ya mafundi, kwamba wewe unataka fonti za bure, sisi tule nini? Mimi sisemi fundi afanye kazi bure. Kuchora fonti ni kazi ya miezi, na ya kuweka alama za toni vizuri ni ngumu zaidi. Ninachosema ni kwamba alipwe mwanzo, kwa kazi, na yule anayetaka kitabu, halafu ikishalipiwa itoke iwe ya wote. Ndivyo fonti nyingi huria nzuri zilivyotengenezwa, mtu alilipwa kuzichora. Kungoja kuuza nakala kwa lugha ya watu wachache hakutamlisha fundi hata kwa wiki moja.

Nyingine ni kwamba makampuni tajiri yatachukua kazi yetu na kupata faida nayo. Yatachukua, ndiyo. Lakini hayawezi kuifunga, yakiibadilisha na kuigawa yanatakiwa kuigawa chini ya OFL ile ile, na simu yao ikionyesha lugha yetu sawasawa, sisi ndio tumepata. Na wapo wanaosema SIL ni watu wa misheni, wana historia yao na tafsiri za Biblia. Kila mtu ana maoni yake juu ya hilo. Leseni yenyewe haiulizi dini ya mtu, na inatumiwa leo na wachoraji wa fonti duniani kote ambao hawajawahi kuingia kanisani.

Sasa ninachoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ilinde wingi wa lugha za Wakenya na ikuze matumizi ya lugha za kiasili. Mtaala unataka watoto wa gredi ya 1 hadi 3 wasome lugha ya mazingira yao. Umoja wa Mataifa nao umetangaza 2022 hadi 2032 ni muongo wa lugha za watu asilia. Maneno tunayo ya kutosha. KICD, ile taasisi ya serikali ya kutengeneza mitaala, pamoja na wizara na kaunti wakitoa kazi ya kitabu cha lugha ya mama, waandike mstari mmoja kwa mkataba: fonti iwe chini ya OFL au leseni huria inayofanana nayo, na kama imerekebishwa kwa ajili ya hicho kitabu basi marekebisho yatolewe kwa umma. Na waongeze mstari wa pili ambao watu husahau, kwamba faili za kuchorea, yaani zile fundi anazofungua kwa FontForge au programu nyingine ya kuchora fonti, zikabidhiwe pia. OFL yenyewe hailazimishi mtu kuzitoa, unaweza kupewa fonti huria na ile kazi ya ndani ukabaki huna, na kurekebisha kutoka kwa fonti iliyokamilika ni kwa shida sana. Watu wa African Storybook tayari wanatoa hadithi za watoto kwa lugha zetu nyingi chini ya leseni huria na mwalimu wa Turkana anaweza kuzichapa bila kuogopa. Hadithi ikiwa huria na herufi zake zimefungwa, tumefanya nusu.

Makanisa pia. Nyinyi ndio mnachapa lugha za nyumbani kuliko mtu mwingine yeyote hapa nchini, kuliko hata serikali, na kamati ya kitabu cha nyimbo ikikutana huwa inabishania karatasi na jalada na rangi. Siku hiyo hiyo ulizeni fonti ni ya nani. Fungueni zipu muangalie kama kuna faili inaitwa OFL.txt ndani, na kama haipo, ulizeni kabla ya kurasa kupangwa, kwa sababu kurasa mia tano zikishapangwa kubadilisha fonti ni kupanga upya kila mstari.

Nawe Mhariri, gazeti lako linachapa matangazo ya vifo na majina ya Wakenya kila siku ya wiki. Naomba fonti zenu zikaguliwe kama zinabeba ĩ na ũ, na kama hazibebi, kuna huria nyingi nzuri za magazeti zinazobeba.

Na kwa wale wenye vile vitabu vya zamani vilivyofungwa kwa fonti za ujanja, tafadhali msitupe zile diski na CD. SIL wana programu ya bure inaitwa TECkit ya kubadilisha maandishi ya namna hiyo kuwa Unicode. Lakini ili mtu aandike jedwali la kubadilisha lazima aione fonti yenyewe ya zamani, ajue alama gani ilichorwa kuwa herufi gani, kwa hivyo tafuteni na faili ya fonti, mara nyingi inamalizika na .ttf, iko kwa kompyuta ya zamani ya ofisi ya parokia au kwa aliyekuwa katibu. Iwekeni pamoja na kitabu.

Mpangaji kurasa,
River Road, Nairobi